Umepigwa Tochi Njia ya Tanga? Lipa, Kisha Nenda Darasani

Mwongozo huu ni wa dereva wa gari dogo, Noah ya abiria au bodaboda aliyezidisha mwendo kidogo: 65 penye 50, au 72 kwa kujisahau. Hauwahusu waliogonga mtu wala walioendesha wamelewa. Hao njia yao ni mahakamani na wanahitaji wakili.

Wengi wanaopigwa tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, upande wetu si wakorofi. Unatoka Chalinze, unavuka Wami, unapita Mkata na Kabuku, unafika Segera, unakunja kulia, na moyo unakwambia umeshafika nyumbani. Lami nzuri, mkonge kulia na kushoto, gari linateleza. Halafu vinakuja Hale, Muheza, Pongwe, kila kimoja na kibao chake cha 50, na mguu wako bado uko kwenye 80. Wageni wanaokuja mbio kutoka Dar ndio kabisa. Waja leo, waondoka leo, na katikati yake wanaacha faini mbili.

Kulipa ni sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye darasa la mwendo, ambalo hapa hulazimishwi ila nakushauri ulitafute mwenyewe, nami nitalieleza kwa kirefu kuliko malipo.

Unaposimamishwa

Washa taa ya kukunja mapema, toka barabarani kabisa, zima muziki, shusha kioo. Msalimie askari kama unavyomsalimia mtu mwingine yeyote. Usishuke na kumfuata kwa hasira, na usianze kumpigia simu mkubwa fulani unayemfahamu. Nimeona simu za namna hiyo zikimgharimu mtu saa nzima ya kukaa juani.

Akikwambia umezidisha mwendo, omba kuona picha. Hiyo si dharau, askari wanaijua haki hiyo na wengi wanakuonyesha bila kuombwa mara mbili. Mara nyingi mwenye tochi yuko nyuma, na picha imerushwa kwa simu hadi kwa mwenzake aliyekusimamisha mbele. Angalia namba ya gari kwanza kabisa, maana Noah nyeupe zinafanana kama punje za mchele. Kisha angalia mwendo ulioandikwa, saa, na mahali. Je, mahali hapo palikuwa kati ya kibao cha 50 na kile cha kuifuta 50? Hapo ndipo madereva wengi wanapokosea: wanadhani nyumba zikiisha, 50 imeisha. Kwa kibao haihesabiwi hivyo. 50 inaendelea mpaka ukutane na kibao kinachoifuta.

Kumbuka na sheria yenyewe. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mwisho wa mwendo kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Magari mazito yanayozidi kilo 3,500, pamoja na mabasi, mwisho wake ni 80 hata nje ya makazi. Kwa hiyo dereva wa Fuso anayesema "mimi nilikuwa porini" hajajitetea bado.

Ukikubali kosa, utaandikiwa notisi. Usipokubali, sema kwa adabu kwamba hukubali na ungependa suala liende mahakamani. Una haki hiyo. Ila pima: kama picha ni yako, namba ni yako na kibao ulikipita, mahakama itakula siku zako za kazi na jibu litakuwa lile lile.

Kuna njia ya tatu, ya noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Iache. Sheria ya rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Na kama wewe ndiye unayeombwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Notisi na malipo

Faini ya papo kwa papo kwa gari imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa kwa miaka mingi. Bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Kinachokuhusu wewe ni kiasi kilichochapishwa kwenye karatasi uliyopewa, basi. Isome hapo hapo kabla ya kuwasha gari: jina, namba ya leseni, namba ya gari, kosa, kiasi, na ile namba ndefu ya kumbukumbu ya malipo. Kosa la herufi moja kwenye namba ya gari ni rahisi kurekebishwa askari akiwa mbele yako. Kesho yake ni safari.

Malipo hayapiti mkononi mwa askari. Unalipa kwa simu au benki. Kwenye simu unaingia menyu ya kulipa bili, unachagua malipo ya serikali, unaweka namba ya kumbukumbu, kisha kiasi. Jina la mlipaji au taasisi likitokea, lisome kabla ya kuweka namba ya siri. Hifadhi ujumbe wa malipo, na mimi nashauri upige na picha ya karatasi yenyewe, kwa sababu wino wa mashine zile unafutika haraka, hasa karatasi ikilala juu ya dashibodi kwenye jua la Tanga.

Usikae nayo. Deni lisilolipwa kwa muda uliopewa linaongezewa adhabu, na linabaki likiambatana na gari kwenye mfumo. Ukisimamishwa tena Korogwe au Mapinga, askari anaingiza namba ya gari na kila kitu kinamtokea. Unaweza kujikagua mwenyewe kwenye tovuti ya polisi, tms.tpf.go.tz, kwa namba ya usajili. Fanya hivyo siku chache baada ya kulipa, uone kama deni limeondoka. Fanya hivyo pia kabla ya kununua gari la mkononi. Kuna watu wamenunua gari la bei nzuri pamoja na faini za mwenye gari wa kwanza.

Ukikuta kwenye mfumo kosa usilolijua, usibishane na askari wa barabarani ambaye hakuliandika. Chukua kadi ya gari, leseni na ushahidi wa mahali ulipokuwa siku hiyo, uende ofisi ya trafiki ya wilaya au mkoa, uombe kuona picha ya kosa.

Darasa: wenzetu wanafanyaje

Hapa kwetu, ukishalipa umemaliza. Hakuna anayekuita ukae kitini uelezwe kwa nini 50 iliwekwa pale Pongwe. Ndiyo maana dereva yule yule anakamatwa pale pale, mwezi baada ya mwezi, naye anaihesabu faini kama sehemu ya gharama za mafuta.

Uingereza wamelipanga vingine, na kwa kuwa Tanga ina watoto wake wengi kule, ni vizuri kujua hata kwa ajili ya ndugu atakayekupigia simu akiwa na barua mkononi. Kamera ikimpiga mtu, barua inatumwa kwa mwenye gari ndani ya siku 14, naye ana siku 28 za kujibu ni nani aliyekuwa anaendesha. Kunyamaza ni kosa jingine, zito kuliko la mwendo. Kama mwendo ulizidi kidogo tu, polisi wanaweza kumpa nafasi ya kuhudhuria darasa badala ya kupigwa faini ya pauni 100 na alama 3 kwenye leseni. Kidogo maana yake nini? Penye mwisho wa maili 30 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 48, kwa kawaida darasa hutolewa kwa aliyekamatwa kati ya maili 35 na 42. Zaidi ya hapo, hakuna darasa.

Darasa analilipia mwenyewe. Linachukua saa mbili na nusu au zaidi, kwenye ukumbi au kwa video. Hakuna mtihani, lakini lazima awepo mwanzo hadi mwisho, aonyeshe kitambulisho, na ashiriki. Anayechelewa, anayezima kamera au anayeendesha gari huku anasikiliza, anatolewa, na kesi inarudi polisi. Ukishahudhuria, hupewi tena nafasi hiyo kwa kosa lililofanyika ndani ya miaka mitatu. Uskoti hawana utaratibu huu. Na asidhani leseni ya Tanzania inamkinga: anaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu ahamie, na hata hivyo anaweza kufunguliwa rekodi na kuandikiwa alama.

Nimependa jambo moja katika utaratibu wao: hakuna anayegombezwa. Mwalimu anauliza, watu wanajibu, wanapiga hesabu. Hilo tunaweza kulifanya hapa bila kusubiri sheria ibadilike.

Kulipata darasa Tanga

Mtu mmoja mmoja, njia ya wazi ni shule ya udereva. VETA wana chuo Tanga, na kuna shule binafsi zenye leseni mjini. Usiseme "nataka kujifunza gari", watakuandikisha na wanaoanza clachi. Sema una leseni, umekamatwa kwa mwendo, na unataka kurejea masomo ya mwendo, umbali wa kusimama na alama. Uliza bei na muda kabla ya kulipa, na uliza kama kuna sehemu ya barabarani. Darasa la ubaoni tupu halitoshi.

Dereva wa basi au wa gari la abiria ana sababu ya ziada. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inawataka madereva wa vyombo vya biashara wafanye mtihani na kuthibitishwa, na mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa kinachotuma mwendo wao. Huko tochi haikusubiri kwenye kona, mmepanda nayo. Anayetaka kozi kamili ya udereva wa abiria au magari makubwa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha miaka mingi.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kijiwe. Mkiwa madereva kumi au kumi na watano wa Noah, bajaji au boda, mwenyekiti wenu anaandika barua fupi kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, mnaomba askari mmoja wa elimu. Askari wa trafiki hutoa elimu stendi na mashuleni, si jambo geni kwao. Taja mahali, idadi yenu na mada moja: mwendo. Mkiomba "elimu ya usalama barabarani" kwa jumla, mtapata hotuba ya kila kitu, kuanzia bima hadi kofia ngumu, na mtatoka hamna mlichoshika. Chagueni Jumamosi saa tatu asubuhi, abiria wa alfajiri wakishaondoka stendi ya Kange. Ijumaa msijaribu. Saa mbili zinatosha, na chai ya tangawizi isikosekane.

Siku yenyewe

Njoo na leseni, notisi yako, kalamu na daftari. Notisi ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu mnaanzia hapo: kila mmoja anasema alipigwa wapi, saa ngapi, na alikuwa anawahi nini. Wekeni sharti kwamba hakuna kumcheka mtu wala kumlaumu askari. Ndani ya nusu saa mtaona majina ya sehemu yanajirudia. Andikeni orodha hiyo ubaoni.

Halafu hesabu. Hii ndiyo roho ya darasa, kwa hiyo usiiruke hata kama ulikimbia hisabati shuleni.

Kwanza geuzeni mwendo uwe mita kwa sekunde, kwa kugawa kwa 3.6. 50 inakuwa mita karibu 14 kila sekunde. 70 inakuwa zaidi ya 19. Dereva aliye macho anachukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari mpaka mguu ukamate breki. Katika muda huo gari halijapunguza chochote. Kwa 50 umeshakwenda mita 21, kwa 70 mita 29. Ongezeni umbali wa breki zenyewe kwenye lami kavu na matairi mazuri: kama mita 14 kwa 50, na 27 kwa 70. Jumla mita 35 dhidi ya 56.

Sasa tokeni nje mkapime. Mita 35 kwa hatua ndefu, wekeni jiwe. Mita 56, wekeni jiwe la pili. Kisha mwalimu aulize: mtoto wa Muheza mwenye beseni la machungwa amekatiza mbele ya basi lililosimama, yuko kwenye jiwe la kwanza. Mwenye 50 anasimama akiwa amemfikia, hajamgusa. Mwenye 70 anamfikia akiwa na mwendo gani? Wengi watasema 20, maana ndiyo tofauti. Jibu ni kama 62. Alipoanza kushika breki zilibaki mita sita tu, na breki haina uwezo wa kufanya kitu cha maana kwa mita sita. Kwenye hesabu hii ndipo nimeona madereva wa siku nyingi wakinyamaza, wakaomba ipigwe tena.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65. Tena huko ni breki nzuri na barabara kavu. Masika, lami ikiwa na maji na mafuta yaliyodondoka, au tairi likiwa limebaki upara, yale mawe mawili yanasogea mbali zaidi.

Kisha hesabu ya muda, ambayo kwa mfanyabiashara inauma zaidi. Segera hadi Tanga mjini ni kilomita kama 70. Tuseme jumla ya kilomita 10 ni za vibao vya 50. Ukizipita kwa 50, dakika 12. Ukizipita zote kwa 80, dakika saba na nusu. Umeokoa dakika nne na nusu, na umezitafuta kwa faini ya 30,000 na dakika ishirini za kusimama pembeni ukisubiri kuandikiwa. Hesabu hii mfanyie na tajiri wako, mwenye Noah, anayekupigia simu kila nusu saa.

Sehemu ya alama ipitieni haraka, mnazijua. Kaeni kidogo tu kwenye matuta ya rasta: yamewekwa kukuamsha kabla ya kivuko au makazi. Anayeyapitia kwa kasi "ili yasisikike" amezima kengele ya mlango wakati mgeni anabisha. Zungumzeni pia juu ya baiskeli. Tanga mjini ni mji wa baiskeli, Ngamiani na Makorora mzee anaweza kukata kona akiwa na mkungu wa ndizi nyuma na asigeuze shingo. Kwa 30 mnapishana na kusalimiana.

Na kuhusu kupeana ishara za taa kwamba "mbele kuna tochi": litajadiliwa, halikwepeki. Maoni yangu ni kwamba taa ile inamfundisha mwenzako kupunguza mwendo mbele ya askari tu. Wengine watabisha, waacheni wabishe, ubishi huo wenyewe unafundisha kuliko hotuba.

Barabarani, na mtu pembeni

Darasa lisiishie kitini. Ndani ya wiki hiyo, chukua mwenzako mmoja, tokeni Kange hadi Muheza na kurudi. Kazi yake ni moja: kila mnapopita kibao, akuulize mwendo wako, nawe ujibu bila kutazama dashibodi. Kisha tazama. Baada ya kilomita nyingi kwa 80, 60 inahisi kama unatembea kwa miguu, na sikio linakudanganya vibaya zaidi kwenye magari mapya yasiyo na kelele. Dawa ni kuangalia mshale kila uonapo nyumba ya kwanza, si ukishafika kwenye kibao.

Tumia gia. Ukiingia Pongwe kwa gia ya tatu, injini yenyewe inakukumbusha ukizidi. Gari la otomatiki halikusaidii hapo, kwa hiyo mguu utoke kwenye mafuta mapema, mita mia mbili kabla ya kibao, ili usilazimike kukandamiza breki na lori la mkonge liko mgongoni.

Ile orodha ya ubaoni iandikeni upya kwenye karatasi ngumu, sehemu na mwendo wake, kila mmoja aibandike nyuma ya kizuizi cha jua. Konda naye apewe nakala. Kwenye Noah za njia ya Muheza na Korogwe, konda ndiye anayejua abiria anashuka wapi, kwa hiyo ndiye anayeweza kusema "hamsini hiyo, kaka" kabla ya wewe kukumbuka. Mkubaliane kabisa kwamba akisema hivyo, hakuna kumfokea mbele ya abiria.